Majumba ya Kahawa ya Kairo na Mizani ya Kadhi

Wengi katika jamaa zetu wa pwani hujaaliwa kufika Kairo. Wako wendao kusoma Al-Azhar, wako wendao kutafuta matibabu, na wako wapitao wakiwa njiani kwenda umra au kurudi. Na mara nyingi mgeni, kabla hajaondoka, huambiwa na wenyeji wake: usirudi kwenu hujanywa kahawa kwa Fishawi. Basi huchukuliwa mpaka soko la Khan al-Khalili, hatua chache tu kutoka msikiti wa Sayyidna Husein, akakalishwa katika kichochoro chembamba chenye vioo vikubwa vya fremu za mbao, akaletewa kikombe, akapigwa picha, akanyanyuka. Akifika nyumbani huitoa ile picha na kusema: mimi nimeketi walipoketi wakubwa.

Makala haya yataka kuuliza jambo moja tu juu ya ziara kama hiyo. Je, huyu ndugu yetu ameliona jumba la kahawa, au ameona kuta zake? Na tukishalijibu hilo tutaona kuwa halihusu Kairo peke yake. Latuhusu sisi na baraza zetu, na wake na watoto wetu wanaotungoja majumbani mwetu wakati sisi tuko barazani.

ASILI YAKE NI DHIKRI

Kwanza na tuijue asili. Kahawa ilianza kunywewa Yemen katika karne ya 15, na walioieneza khasa ni watu wa tarika, waliokuwa wakiinywa usiku wapate kuwa macho katika dhikri zao. Kutoka Yemen ilifika Makka, kisha katika miaka kumi ya mwanzo ya karne ya 10 Hijria, yaani yapata baina ya 1495 na 1504, ikaingia Kairo. Na mlango ilioingilia si mlango wa soko. Iliingia kwa mlango wa Al-Azhar, katika riwaki ya wanafunzi wa Kiyemeni.

Mwanachuoni Abdulqadir al-Jaziri, aliyeandika kitabu juu ya uhalali wa kahawa katika karne ya 16, ametuhifadhia namna mambo yalivyokuwa. Wanafunzi wale walikusanyika usiku wa kuamkia Jumatatu na usiku wa kuamkia Ijumaa. Kahawa ilitiwa katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu. Kiongozi wao akiichota kwa kata ndogo na kuwapa mmoja mmoja kuanzia upande wa kulia, huku wote wakitaja tauhidi kwa sauti moja.

Yazingatie haya, ndugu msomaji. Chombo ni kimoja, kata ni moja, zamu yaanzia kulia, na mkubwa wao ndiye anayewatumikia. Mwenye kuwajua wauza kahawa wetu wa Mombasa, Lamu na Unguja, na dele lao la shaba juu ya makaa, na vikombe vinavyolizwa mkononi, hataona ugeni katika jambo hili. Kahawa tangu mwanzo ilikuwa ni ya kunywewa pamoja. Mtu hakuifuata kwa kiu, kwani kikombe chake hakimalizi kiu ya mtu. Aliwafuata wenzake.

WALIOVUNJA NA ALIYEPIMA

Lakini palipokusanyika watu hapakosi maneno. Mwaka 917 Hijria (1511) msimamizi wa masoko wa Makka, Khair Bey, alipita usiku karibu na Msikiti Mtukufu akawaona watu wamekusanyika na taa wakinywa kitu. Walipomwona yuaja walizizima taa. Akaingiwa na shaka, na kesho yake akawakusanya maulamaa na matabibu, na kahawa ikapigwa marufuku mjini. Khabari ilipopelekwa Kairo kwa Sultani al-Ghauri, jawabu iliyorudi haikukiharimisha kinywaji chenyewe. Ilikataza mambo maovu yanayofanywa katika mikusanyiko.

Kisha mwaka 941 Hijria, yapata 1534, fitina ikazuka Kairo kwenyewe. Mhubiri mmoja aliisema vikali kahawa, na watu waliomsikiliza wakatoka kwa hamasa, wakayavamia majumba ya kahawa, wakavunja vyombo na kuwapiga waliokuwamo. Mji ukagawanyika. Ndipo jambo hilo likafikishwa kwa kadhi wa madhehebu ya Hanafi, Muhammad bin Ilyas. Naye alifanya nini? Aliamrisha kahawa ipikwe nyumbani kwake, akaalika watu wakanywa mbele yake, akakaa nao akizungumza nao sehemu kubwa ya siku, akiangalia akili zao na ndimi zao kama zitabadilika. Hakuona ubaya wowote. Akahukumu kuwa kahawa ibaki kama ilivyokuwa.

Mimi naona kuwa kisa hiki ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote vilivyotufikia katika tarehe ya majumba ya kahawa ya Kairo, na ni ajabu kuwa hakuna kioo wala kibao kinachomkumbusha mtu kisa hicho. Wale waliovunja vyombo walihukumu kwa kusikia. Kadhi alihukumu kwa kuketi. Hakutazama rangi ya kinywaji wala umbo la kikombe. Aliwapa watu nafasi ya kunywa na kusema, kisha akasikiliza. Hiyo ndiyo mizani, na kwa mizani hiyo tutayapima yote yafuatayo.

MASTABA NA BARAZA

Twende mbele karne tatu. Mwingereza Edward Lane, aliyejua Kiarabu sawasawa na aliyekaa Kairo miaka kadhaa, alichapisha mwaka 1836 kitabu chake juu ya desturi za Wamisri. Alisema kuwa Kairo ilikuwa na majumba ya kahawa zaidi ya elfu moja. Akaeleza kuwa mbele ya jumba, upande huu na huu wa mlango, palikuwa na kiti kirefu cha mawe au matofali, kimo chake kama futi mbili au tatu, kilichotandikwa mkeka, nacho kikiitwa mastaba. Ndugu msomaji wa Lamu au wa Mji Mkongwe, je, huitambui? Hiyo ni baraza yako. Tofauti ni kuwa kwao mastaba ilikuwa mlangoni pa jumba la kahawa, na kwetu baraza iko mlangoni pa nyumba ya mtu, na kahawa ndiyo itembeayo.

Juu ya mastaba hiyo aliketi msimulizi. Lane aliwahesabu: washairi waliosimulia kisa cha Abu Zaid na Bani Hilal kwa rababa ya uzi mmoja walikuwa kama hamsini, waliosimulia kisa cha Sultani Baybars bila ya kitabu walikuwa kama thelathini, na waliosoma kisa cha Antara kitabuni hawakuzidi sita. Msimulizi aliketi juu, wasikilizaji wakamzunguka wengine mastabani na wengine ng'ambo ya njia. Mwenye jumba alimpa chochote kidogo, na asiyekuwa na kitu alisikiliza bure.

Pima sasa kwa mizani ya kadhi. Watu mia wa kazi mbalimbali, fundi na mchukuzi na muuza mboga, wanakaa kimya usiku kumsikiliza mtu mmoja, kisha wanajadiliana: Abu Zaid alifanya haki au alikosea? Hiyo ilikuwa shule ya watu wasiokuwa na shule. Sikusudii kusema kuwa kila kilichosimuliwa kilikuwa chema, wala kuwa kila aliyeketi pale aliswali kwa wakati. Lakini walijua kusikiliza, na hilo ni elimu.

MEZA ILIYOFIKA MPAKA MOMBASA

Na si wasimulizi tu. Baina ya 1871 na 1879 aliishi Kairo Sayyid Jamaluddin al-Afghani. Mchana akisomesha nyumbani kwake, na jioni akiketi katika mkahawa ulioitwa Matatia, karibu na bustani ya Azbakiya, akizungukwa na vijana. Miongoni mwa waliomfuata ni Muhammad Abduh, aliyekuja kuwa Mufti wa Misri mwaka 1899, na Saad Zaghlul, aliyekuja kuongoza harakati ya uhuru mwaka 1919. Mazungumzo yao yalikuwa juu ya dola za kigeni, juu ya ujinga wa Waislamu, na juu ya namna ya kuinuka.

Sasa ufuate uzi huu vizuri. Mwanafunzi wa Afghani alikuwa Abduh. Aliyejiunga na Abduh alikuwa Rashid Rida, aliyeanzisha jarida la Al-Manar huko Kairo mwaka 1898. Na fikra za Abduh na Al-Manar zilifika Mombasa, zikamgusa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye mwaka 1932 alianzisha gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu, akiwahimiza watu wa pwani wasome, wafanye kazi na waache israfu. Sisemi kuwa mkahawa ndio ulioleta Al-Islah. Elimu na ikhlasi ya watu ndivyo vilivyoileta. Nasema kuwa meza moja ya kahawa, watu wanaosema jambo la maana wakiizunguka, ilikuwa pete moja katika mnyororo uliofika mpaka kwetu.

Na jumba la Matatia liko wapi leo? Limevunjwa. Mgeni hawezi kupelekwa kupiga picha pale, wala hapana kioo cha kujitazamia. Lakini mazungumzo yake yangali yakisomwa. Jumba jingine limebaki na vioo vyake vyote, na mazungumzo yake ya jana usiku hakuna anayeyakumbuka. Kati ya hayo mawili, lipi ndilo lililo hai?

MSHAIRI ALIYEFUKUZWA

Aliyeliona jambo hili mapema kuliko wengi ni mwandishi wa riwaya Najib Mahfudh, mzaliwa wa mtaa huo huo wa Jamaliya, mwaka 1911. Riwaya yake ya *Zuqaq al-Midaqq*, iliyotoka 1947, yaanzia katika mkahawa wa kichochoro kidogo, wakati wa vita vya pili vya dunia. Mshairi mzee aingia na rababa yake, kama alivyoingia miaka yote, aanza kisa chake. Mwenye mkahawa, Kirsha, amnyamazisha. Hoja yake ni kuwa watu wamekwisha kuzijua hadithi zote hizo, na sasa wanataka redio. Na redio yenyewe iko tayari inafungwa ukutani. Mzee atoka amevunjika moyo, na hapana amteteaye ila mcha Mungu mmoja, Radwan al-Huseini, amliwazaye na kumtia kitu mkononi.

Wengi wanaoisoma sura hii huilalamikia redio. Mimi naona kuwa wamekosea mahali pa ugonjwa. Ugonjwa uko katika ile hoja ya Kirsha, kuwa hadithi zimekwisha kujulikana. Tangu lini watu husikiliza pamoja kwa sababu hawajui? Sisi hapa pwani twaisoma Maulidi ya Barzanji mwaka baada ya mwaka. Watoto wetu waijua kwa moyo, na ajuza asiyejua kusoma humsahihisha msomaji akiteleza. Je, kuna aliyesimama akasema: tumekwisha kuijua, tusiisome tena? Twaisoma kwa kuwa twaijua. Kusikiliza pamoja kile tunachokijua ndiko kunakotufanya tuwe jamaa moja. Siku tutakaposema "hilo twalijua" kwa kila kinachosemwa na mzee, siku hiyo mshairi atakuwa amefukuzwa kwetu pia, hata kama hatuna redio.

Na redio yenyewe tuitendee haki. Ni kweli kuwa redio ya serikali ya Misri, iliyoanza 1934, iliwanyang'anya washairi mastaba zao. Lakini redio hiyo hiyo ilizijaza kahawa watu usiku wa Alkhamisi ya mwanzo wa mwezi, Ummu Kulthum alipoimba, na wote wakasikiliza pamoja. Na miaka ya baadaye mshairi Abdulrahman al-Abnudi, aliyefariki 2015, alikwenda vijijini kusini mwa Misri akakikusanya kisa cha Bani Hilal kwa wasimulizi waliobaki, akakipeleka redioni. Chombo kilichomfukuza mshairi kikambeba mshairi. Mwaka 2003 UNESCO ilikitangaza kisa hicho kuwa miongoni mwa turathi tukufu za wanadamu. Basi kile ambacho Kirsha alisema watu wamechoka nacho, ulimwengu mzima ulikuja kukiheshimu. Lakini ulikiheshimu baada ya mastaba kuwa tupu.

Kuna jambo jingine katika riwaya hii ambalo wapenda picha hawalitaji. Mahfudh hakuutakasa mkahawa. Kirsha ni mtu aliyezama katika hashishi na matamanio machafu, na mkahawa wake ndio pazia lake. Mkewe, aliyekwisha kushindwa kumrudi nyumbani kwa maneno ya siri, afika siku moja pale pale mkahawani na kufanya fujo mbele ya watu wote. Aibu tupu! Lakini msomaji mwadilifu hujiuliza: ni nani aliyemfikisha mwanamke yule pale? Wanaume wote waliokuwa wakinywa kahawa mle walikuwa wakijua, na walinyamaza. Mwandishi amelitia nyumba moja mambo mawili: ukarimu wa Radwan na uovu wa Kirsha, juu ya viti vile vile na kwa kahawa ile ile. Kwa hiyo kahawa haina sifa wala kosa. Sifa na kosa ni za walioketi. Kadhi aliyasema hayo karne nne kabla yake kwa vitendo.

Najua kuwa miongoni mwa wasomaji wetu wako watakaochukia kutajwa kwa Mahfudh katika kurasa hizi, kwa sababu ya riwaya yake nyingine iliyotoka gazetini mwaka 1959 na kuwakasirisha maulamaa wa Al-Azhar. Kukosoa ni haki yao, na iko mizani ya kukosoa. Lakini mwaka 1994 kijana mmoja alimchoma kisu cha shingo mzee huyu wa miaka 82, na alipohojiwa ilidhihirika kuwa hakuwa amekisoma kitabu chochote chake. Huyo ni katika wale waliovunja vyombo mwaka 1534. Amehukumu kwa kusikia. Dini yetu haikutufundisha hivyo, na kadhi wa Kairo hakufanya hivyo.

KWA FISHAWI LEO

Sasa turudi Khan al-Khalili. Jumba la Fishawi wenyewe walihesabu umri wake tangu karne ya 18, na Mahfudh alikuwa akiketi pale. Alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1988 jina lake likawa bidhaa. Hata mkahawa mwingine wa soko hilo hilo umepewa jina lake. Mwezi wa Machi 2020, serikali ya Misri ilipoyafunga majumba ya kahawa kwa ajili ya maradhi ya korona, watu waliingiwa na huzuni kumwona Fishawi amefunga, kwani lilikuwa jumba lisilojua kufunga mlango usiku wala mchana. Baadaye likafunguliwa.

Ukiketi pale leo utaona nini? Utaona vioo na taa za zamani, na utaona uzuri wake, sikatai. Utaona pia kuwa hawakupi nafasi. Huyu akuuzia tasbihi, huyu pochi, huyu ataka kukusugua viatu. Kiti cha jirani kimekaliwa na mgeni wa nchi nyingine, na cha pili na mgeni wa nchi ya tatu. Kila mmoja ameinua simu yake kujipiga picha kiooni. Wote wamekuja kuona mahali watu walipokuwa wakizungumza, na kwa kuwa wote wamekuja kuona, hakuna anayezungumza. Bei nayo imepanda juu ya uwezo wa fundi na mchukuzi, yaani wale wale waliomsikiliza mshairi wa Lane.

Simlaumu mwenye jumba. Ana watumishi wa kuwalipa, na mgeni ndiye mwenye fedha. Wala simlaumu mgeni kwa kupenda kitu kizuri. Ninayemlaumu ni yule anayetuandikia vitabu vya safari akatuambia: kaa hapa, alipokaa fulani, na utaionja Kairo ya kale. Huo ni udanganyifu. Kiti hakina kumbukumbu. Aliyekaa pale alikuja kukutana na rafiki zake, na wewe umekuja kukutana na kiti chake. Kitabu cha safari chenye insafu kingekuambia: pita kwa Fishawi ukatazame, kisha vuka uingie vichochoro vya Jamaliya au Sayyida Zainab, utafute kahawa isiyokuwa na jina kubwa. Humo utawakuta wazee wanacheza tawla, redio yasoma Qur'ani au yatangaza mpira, na kijana apita na sinia. Toa salamu kabla hujaketi. Agiza *mazbut* ikiwa wataka sukari ya kiasi, au *saada* ikiwa wataka chungu kama ya kwetu. Iweke simu mfukoni. Utaulizwa watoka wapi, nawe uulize. Wamisri kwa ulimi wao huita kinywaji na nyumba yake kwa jina moja, *ahwa*, na hapo utafahamu kwa nini.

Wala usidhani nimekuchorea pepo. Katika baadhi ya kahawa hizo utakuta moshi wa shisha umetanda, televisheni imewashwa kwa sauti kubwa, na vijana wanne wameketi meza moja kila mmoja ameinamia simu yake. Mahali hapo nako pima kwa mizani ile ile. Udogo na ufukara wa jumba si dalili ya uhai, kama vile umaarufu si dalili ya kufa.

NA BARAZA ZETU JE?

Hapa ndipo nilipotaka tufike pamoja, ndugu msomaji. Ni rahisi kuwacheka wageni wa Fishawi. Lakini baraza zetu nazo zimeanza kupigwa picha. Watalii wapita Lamu na Mji Mkongwe wakawapiga picha wazee na muuza kahawa, na picha hizo huuzwa, nasi twafurahi kuwa tuna urithi. Urithi wetu ni mawe ya baraza au ni mazungumzo ya baraza?

Bwana Mtume (s.a.w.) aliwahadharisha masahaba wake na kukaa njiani. Walipomwambia kuwa hawana budi na vikao vyao hivyo, kwani ndipo wanapozungumza mambo yao, hakuwafungia. Aliwaambia basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Tazama jinsi masharti hayo yasivyogusa jiwe wala kikombe. Yote ni juu ya macho, mikono na ulimi wa aliyeketi.

Basi na tujipime. Baraza yetu ya jana usiku ilimzungumza nani ambaye hakuwapo? Mzee alipotaja jambo la zamani, alisikilizwa mpaka mwisho au alikatizwa kwa kucheka? Kijana aliyekaa pembeni aliondoka na nini ambacho hakuwa nacho? Mpita njia mwanamke alipita kwa amani au aliinamisha kichwa kwa macho yetu? Na yule mwenzetu tuliyejua kuwa amewaacha watoto hawana chakula cha usiku, kuna aliyemnong'oneza kwa wema, au tulinyamaza kama walivyonyamaza wateja wa Kirsha?

Na kuna swali ambalo halijibiwi barazani. Lajibiwa nyumbani. Wewe mama mwenye nyumba usomaye makala haya, nawe u shahidi. Mume ambaye barazani ni bingwa wa hadithi na mcheshi wa watu, akirudi saa tano za usiku huwa bubu mbele ya mkewe na watoto wake, huyo ametumia nje kile kilichokuwa haki ya ndani. Wanafunzi wa Kiyemeni walikuwa na usiku mbili katika wiki, si saba. Kikao kizuri humrudisha mtu nyumbani akiwa na neno la kuwapa watu wake: khabari ya maana, kisa cha mazingatio, au japo kicheko safi. Kikao kibaya humrudisha akiwa mtupu. Kwa hivyo mizani ya kadhi yaweza kushikwa na mke pia, bila ya yeye kukanyaga barazani hata siku moja. Atazame tu mumewe amerudi na nini.

Tukitaka watoto wetu wazirithi baraza, hatuna haja ya kungoja UNESCO. Tuwaweke karibu nasi pale baada ya Isha, kwa muda mchache, wasikie utenzi ukisomwa, wasikie mzee akieleza majahazi yalivyokuwa yakija na kaskazi, wasikie watu wawili wakikhitilafiana bila ya kutukanana. Tuwape vikombe wavigawe, waanzie kulia. Hiyo ndiyo riwaki ya Al-Azhar, na haidai nauli.

Na ukijaaliwa kufika Kairo, kanywe kahawa yako kwa Fishawi, hapana ubaya. Ila ukirudi tusikuulize umeketi wapi. Tutakuuliza umesikia nini.

Mwenyezi Mungu atujaalie vikao vyetu viwe ushahidi wetu wala visiwe ushahidi juu yetu. Amin.